Dawa ya Siku Tano, Vumbi la Miezi Mitano: Mhadhara Kuhusu Matone ya Kuzibua Pua Kiboko na Nyanda Kavu za Ukambani

Pua ya mtu mzima hupitisha takriban lita 10,000 za hewa kila siku, na katika safari hiyo fupi ya kutoka tundu la nje hadi nyuma ya koo, hewa huchujwa vumbi, hupashwa joto na kutiwa unyevu kabla ya kuteremka mapafuni. Kazi hiyo ni nyepesi kwa mkazi wa Lamu au Tanga, ambako bahari huifanya hewa kuwa na unyevunyevu mwaka mzima, lakini ni nzito kwa mkazi wa Kiboko, kituo kilicho kando ya barabara kuu ya Nairobi na Mombasa, kati ya Emali na Makindu katika kaunti ya Makueni, kwenye mwinuko wa mita zipatazo 975 juu ya usawa wa bahari. Mvua ya eneo hilo kwa mwaka mzima haifiki milimita 700 katika miaka ya kawaida, nayo hugawanyika katika misimu miwili mifupi, masika ya Machi hadi Mei, ambayo mara nyingi humvunja mkulima moyo, na vuli ya Oktoba hadi Desemba, ambayo ndiyo hasa inayotegemewa na Wakamba kwa mavuno. Kati ya misimu hiyo, kuanzia Juni hadi mvua ya vuli itakapoanza kunyesha, nyasi hukauka, ardhi nyekundu hubaki wazi, na upepo wa kusini-mashariki hulipeperusha vumbi lake miezi mitano mfululizo.

Vumbi hilo halina chanzo kimoja. Malori yanayobeba mizigo kati ya bandari ya Mombasa na nchi za bara huacha lami ili kuegesha pembezoni, na kila yanapofanya hivyo hutimua wingu linalotua juu ya vibanda vya matunda na nyuso za wauzaji. Nyumbani, ua hufagiliwa alfajiri ungali mkavu. Shambani, mtama, kunde, mbaazi na ndengu hupurwa kwa fimbo juu ya turubai na kupepetwa kwa ungo, na makapi yake membamba huingia puani kabla mpepetaji hajapata nafasi ya kugeuza uso. Jikoni, moshi wa kuni za mafiga matatu humkuta mama na mtoto aliyebebwa mgongoni. Wote hao hufikia hali moja ifikapo jioni, yaani pua iliyoziba.

Kipo pia chanzo kingine ambacho ni cha Kiboko hasa. Kituo cha utafiti cha Shirika la Utafiti wa Kilimo na Mifugo la Kenya, KALRO, kilichopo hapo, ni miongoni mwa vituo vinavyojulikana sana barani Afrika kwa majaribio ya mahindi yanayostahimili ukame, kwa kuwa ukavu wa mahali penyewe humwezesha mtafiti kuinyima mimea maji kwa kipimo anachokitaka. Na mwaka 2013 kilizinduliwa hapo, kwa ushirikiano na Kituo cha Kimataifa cha Uboreshaji wa Mahindi na Ngano, CIMMYT, kitengo maalumu cha kuharakisha uzalishaji wa mbegu safi za mahindi. Uchavushaji katika mashamba ya aina hiyo hufanywa kwa mkono. Mbelewele, yaani ua dume lililo kileleni mwa mmea, hufunikwa kwa mfuko wa karatasi siku moja kabla; asubuhi mfanyakazi huuinamisha mmea, huutikisa mfuko hadi chavua ya manjano ijikusanye chini yake, kisha huimimina juu ya nywele za gunzi na kulifunika tena, naye hurudia tendo hilo mstari baada ya mstari, uso wake ukiwa shubiri chache tu kutoka kwenye chavua. Kwa mtu mwenye mzio, yaani mwili unaokipokea kitu kisicho na madhara kama kwamba ni adui, kazi ya asubuhi moja ya namna hiyo yatosha kumfanya apige chafya na kulala akihemea mdomoni usiku kucha.

Mtu wa hali hiyo huenda kwenye duka la dawa lililo karibu, ambalo wengi huliita kemisti, akaeleza kwamba ana homa au mafua na kwamba pua imekataa kufunguka, na hukabidhiwa kichupa kidogo cha matone au cha kupulizia. Dakika chache baada ya tone la kwanza pua hufunguka kabisa, na hapo ndipo tatizo ambalo mhadhara huu unalichunguza linapoanza. Dawa iliyomo katika kichupa hicho ilitengenezwa kwa ajili ya mafua ya kawaida, ambayo huja na kuondoka ndani ya wiki moja. Si dawa ya vumbi la miezi mitano wala ya mzio unaorudi kila msimu wa chavua. Mgonjwa wa nyanda kavu ambaye hakuambiwa tofauti hiyo huendelea kuitumia kwa kadiri vumbi linavyoendelea, na katika wiki ya pili au ya tatu vumbi huacha kuwa ndilo linaloziba pua yake. Kichupa chenyewe huwa ndicho kinachoiziba.

Ili jambo hilo lieleweke, yafaa kutazama jinsi pua inavyofunguka na kuziba. Ndani ya kila upande wa pua mna vikunjo vitatu vya mfupa mwembamba vilivyofunikwa na utandoute, yaani ngozi laini yenye ute, na chini ya ngozi hiyo, hasa kwenye kikunjo cha chini, mna vifuko vingi vya damu vinavyoweza kujaa na kunywea kwa muda mfupi. Vikijaa, kikunjo huvimba na njia ya hewa huwa nyembamba. Vikinywea, njia hupanuka. Kujaa na kunywea huko hutawaliwa na neva zinazotoa kemikali iitwayo noradrenalini, ambayo hugusa vipokezi, yaani sehemu maalumu za seli zinazopokea ujumbe wa kemikali, na kuiamuru mishipa ya damu ijibane. Kwa hiyo pua inayoziba wakati wa mafua kwa kawaida haijajaa kamasi peke yake kama watu wengi wanavyodhani. Imevimba, na ndiyo maana kupenga kwa nguvu hakusaidii sana.

Dawa za kuzibua pua hujifanya kuwa noradrenalini. Ya zamani zaidi kati ya zile zilizoenea ni efedrini, ambayo mwanakemia wa Kijapani Nagai Nagayoshi aliitenga mwaka 1885 kutoka kwenye mmea uliotumiwa na waganga wa China kwa karne nyingi, na ambayo iliingia katika tiba ya nchi za Magharibi baada ya Ko Kuei Chen na Carl Schmidt kuchapisha uchunguzi wao juu yake mwaka 1924. Baadaye likaja kundi jipya lenye nguvu zaidi na linalodumu zaidi, ambamo zimo nafazolini, zailometazolini na oksimetazolini, hii ya mwisho ikiwa imebuniwa Ujerumani mwaka 1961. Efedrini huondoka puani baada ya saa chache, ilhali zailometazolini na oksimetazolini huweza kuiweka pua wazi hadi saa 10 au 12. Hakuna ubishi kwamba dawa hizi zina manufaa, na Shirika la Afya Duniani limewahi kuiweka zailometazolini katika orodha yake ya dawa muhimu kwa watoto, kwa sharti kwamba isipewe mtoto mwenye umri usiofika miezi mitatu. Mtu mwenye mafua makali anayeshindwa kulala, au anayetokwa na damu puani, au anayesubiri kupasuliwa, huweza kunufaika nazo sana. Ubaya wake uko katika siku zinazofuata ya tano.

Matone yanapoibana mishipa tena na tena, mambo kadhaa hutokea kwa pamoja, na ingawa wataalamu hawajakubaliana kuhusu lipi lililo kubwa zaidi, matokeo yake yanajulikana vyema. Seli hupunguza idadi ya vipokezi vyake au hupunguza uwezo wake wa kuitikia, hivyo kipimo kilichotosha jana hakitoshi leo; hali hii huitwa uzoefu wa dawa. Neva nazo, zikiona kwamba ujumbe umejaa kila mahali, hupunguza noradrenalini ya mwili wenyewe, hata dawa inapokwisha nguvu hakuna kinachobaki cha kuibana mishipa. Utandoute uliokuwa ukinyimwa damu kwa saa nyingi hupokea damu nyingi ghafla na kuvimba kuliko ulivyokuwa mwanzo. Huu ndio uitwao uzibaji wa marejeo, na ugonjwa unaozaliwa nao, ambao madaktari wa Ulaya na Marekani waliutambua tangu nusu ya kwanza ya karne ya 20 na kuupa jina la rinaitisi medikamentosa, waweza kuitwa kwa Kiswahili uvimbe wa pua unaoletwa na dawa.

Tabia ya mgonjwa katika hatua hiyo ni ya kusikitisha, kwa sababu kila anachokifanya kina mantiki machoni pake. Pua imeziba, naye anaijua dawa inayoifungua. Kwa hiyo anaiongeza, kwa kanuni ya dawa ya moto ni moto, na pua hufunguka kweli, ila kwa muda mfupi zaidi. Aliyeanza na mara mbili kwa siku hufika mara nne, kisha mara nane, akakiweka kichupa mfukoni aendapo shambani, kingine chini ya mto, na kwa dereva wa lori kingine kwenye dashibodi. Usiku ndio wakati mbaya kuliko wote. Mtu anapolala, damu hukusanyika zaidi kichwani, na anapojilaza ubavu tundu la upande wa chini huziba. Hili hutokea hata kwa mwenye afya. Zaidi ya hayo, pua ya kila binadamu hupokezana zamu, upande mmoja ukiwa wazi zaidi kwa saa chache na mwingine ukipumzika, mzunguko ambao daktari wa Kijerumani Richard Kayser aliueleza mwaka 1895. Mwenye afya hautambui mzunguko huo maisha yake yote. Aliyekwisha kuzoea matone, ambaye masikio yake yote yapo puani, huuhisi kila zamu kama ugonjwa unaoanza upya, naye hukinyoshea mkono kichupa gizani ili kutibu kitu ambacho ni kazi ya kawaida ya mwili wake.

Swali linaloulizwa mara nyingi ni je, yule anayetia matone usiku tu, mara moja, yuko salama? Majaribio yaliyofanywa Sweden katika miaka ya 1990 na Peter Graf na wenzake yalilijibu swali hilo waziwazi. Watu waliotumia oksimetazolini mara moja tu kila usiku kwa wiki nne walipata uvimbe wa marejeo. Wachunguzi hao walionyesha pia kwamba mtu aliyewahi kuugua na akapona, akiitumia tena dawa hata baada ya mwaka mmoja, uvimbe humrudia upesi, ndani ya siku chache, kana kwamba pua ina kumbukumbu. Na walionyesha kwamba benzalkoniamu kloraidi, kemikali inayotiwa katika vichupa vingi ili kuzuia vijidudu visizaliane ndani yake, huuongeza uvimbe huo. Kwa hiyo ukomo wa siku tatu hadi tano ambao maelekezo mengi ya kitaalamu huutaja si uoga wa wanasheria wa kampuni za dawa, nao haurefushwi kwa kupunguza idadi ya matone.

Utandoute unaoteswa kwa miezi na miaka hupoteza zaidi ya uwazi wake. Juu yake mna vinyweleo vidogo mno visivyoonekana kwa macho, vinavyopiga makasia mfululizo ili kuusukuma ute uliobeba vumbi kuelekea kooni, ambako humezwa na kuteketezwa tumboni. Vinyweleo hivyo vikifa, ute hutuama, vumbi hubaki, na vijidudu hupata makao. Ndipo mgonjwa anapoanza kuumwa na kipaji cha uso kwa uambukizo wa sainasi, yaani mapango ya hewa yaliyo ndani ya mifupa ya uso. Ngozi hukauka, hupasuka na kutoa damu, na kwa wachache ukuta wa katikati unaoyatenganisha matundu mawili ya pua hutoboka. Katika hewa ya Kiboko, ambayo yenyewe tu huikausha pua, mkazi wa hapo hana akiba ya vinyweleo ya kuchezea.

Mwili haukomei puani. Dawa inayoibana mishipa ya pua hufyonzwa kwa kiasi fulani na kuingia katika damu, na yule anayeitumia mara nane kwa siku hujipa kiasi ambacho moyo na mishipa mingine huweza kukihisi, kwa mapigo ya haraka, kukosa usingizi, kichwa kuuma na kupanda kwa shinikizo la damu, ambalo watu huliita presha. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 kuhusu vihatarishi vya magonjwa yasiyoambukiza ulionyesha kwamba karibu robo ya watu wazima nchini Kenya wana shinikizo la juu, na kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima walikuwa hawajawahi kupimwa. Maana yake ni kwamba wapo wengi wanaotia matone bila kujua kwamba ni wao hasa wanaoonywa na maandishi madogo ya karatasi iliyokunjwa ndani ya kiboksi. Kwenye barabara kuu hatari hiyo huongezwa na jambo jingine. Madereva na utingo wengi hutafuna miraa au muguka ili wasisinzie, na kiini chake, kathinoni, kina undugu wa karibu wa kikemia na efedrini, nacho huongeza mapigo ya moyo na shinikizo kwa njia hiyohiyo. Mwenye muguka shavuni na matone puani amezidisha kitu kilekile kwa milango miwili. Wenye ugonjwa wa moyo, wenye dundumio, yaani tezi ya shingoni, lililozidisha kazi, wenye shinikizo la macho, wanaume wazee ambao mkojo wao hutoka kwa shida, pamoja na wajawazito, ambao mara nyingi huzibwa pua na mimba yenyewe kwa miezi, wote hawana budi kumuuliza mhudumu wa afya kabla ya tone la kwanza.

Kwa watoto, suala huwa jingine kabisa, na hapa ukali wa maneno unastahili. Zailometazolini, oksimetazolini na nafazolini zikimezwa na mtoto mdogo huingia kwenye ubongo na kutenda kinyume cha zinavyotenda puani: mtoto husinzia, hulegea, mapigo ya moyo hupungua, na pumzi huweza kukatika. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo mwaka 2012 baada ya kuchunguza matukio 96 ya watoto wa umri wa mwezi mmoja hadi miaka mitano waliomeza dawa za kundi hili, za macho au za pua. Hakuna aliyefariki, lakini zaidi ya nusu walilazwa hospitalini, na ilibainika kwamba mililita moja au mbili tu, ambazo hazifiki nusu ya kijiko cha chai, zatosha kuleta madhara makubwa. Uingereza nayo iliamua mwaka 2009 kwamba dawa za mafua zinazouzwa bila cheti cha daktari, zikiwemo hizi za kuzibua pua, zisitumiwe kwa watoto wa chini ya miaka sita. Kichupa kilichoachwa juu ya kitanda au ndani ya kikapu cha sokoni kina ukubwa unaoenea vyema katika kiganja cha mtoto wa miaka miwili. Mtoto mchanga ambaye bado hajajua kuhemea mdomoni, na ambaye hushindwa kunyonya pua inapoziba, anahitaji matone ya maji ya chumvi tu na kufutwa kamasi kabla ya kunyonyeshwa. Matone ya watu wazima yasimkaribie hata yakizimuliwa, kwa kuwa kipimo cha kukisia jikoni si kipimo.

Yapo pia magonjwa ambayo matone huyafunika. Makueni na Kitui ndizo kaunti zinazoongoza nchini kwa kilimo cha ndengu, na wakati wa mavuno watoto hucheza katikati ya magunia. Mtoto husukuma punje puani, punje hufyonza unyevu na kuvimba, na baada ya siku chache hutokea kamasi nzito yenye harufu mbaya upande mmoja tu. Mzazi anayedhani ni mafua na kutia matone huweza kuipunguzia pua uvimbe kwa saa chache na hivyo kuahirisha siku ambayo punje ingetolewa, ilhali kanuni ya wahudumu wa pua ni nyepesi kukumbuka: kamasi yenye uvundo ya upande mmoja kwa mtoto ni kitu kilichoingia hadi ithibitishwe vinginevyo. Kwa mtu mzima, pua inayoziba upande mmoja kwa wiki nyingi, inayotoa damu mara kwa mara, sikio la upande huo likiwa zito, au uvimbe usiouma ukitokea shingoni, huenda ikawa na saratani ya nasofarinksi, yaani ya sehemu iliyo nyuma ya pua juu ya koo, ambayo daktari Peter Clifford aliichunguza kwa kina nchini Kenya katika miaka ya 1960. Saratani hiyo hutibika vizuri zaidi ikigunduliwa mapema. Mtu aliyejifungulia njia kwa matone mwaka mzima ameupoteza mwaka huo.

Haifai kumlaumu mgonjwa peke yake. Makueni imejitahidi kwa afya kuliko kaunti nyingi, na mpango wake wa MakueniCare, uliozinduliwa mwaka 2016, uliiwezesha kaya kulipa shilingi 500 kwa mwaka na kutibiwa katika hospitali za kaunti. Hata hivyo hospitali ya Makindu ina foleni, nauli ni nauli, na siku ya kazi ikipotea haifidiwi, ilhali duka la dawa liko hatua chache kutoka kituoni na mteja huhudumiwa kwa dakika mbili. Katika dakika hizo mbili ndimo matatizo mengi yangeweza kuzuiwa. Muuzaji anayeuliza tatizo limedumu siku ngapi, kama mteja ana presha, na kama kichupa hiki ni cha kwanza au cha nne mwaka huu, huwa amefanya kazi ya daktari. Akiandika kwa kalamu juu ya kiboksi tarehe ya mwisho ya kutumia, yaani siku ya tano tangu leo, huwa amefanya zaidi ya karatasi yote iliyokunjwa ndani, ambayo kwa kawaida imeandikwa kwa lugha na kwa herufi ambazo bibi wa miaka 60 hawezi kuzisoma. Wahudumu wa afya ya jamii, ambao serikali iliwapa mikoba yenye vipima presha kuanzia Septemba 2023, wangeweza kuongeza swali moja katika ziara zao za nyumba kwa nyumba: je, kuna mtu hapa anayetia matone puani kila siku?

Kwa pua ya vumbi na mzio, ziko njia zinazofaa zaidi, na nyingi ni za gharama ndogo. Ua hunyunyizwa maji kidogo kabla ya kufagiwa, hata kama maji hayo ni ya kuogea yaliyobaki. Mpepetaji husimama upepo ukimtoka mgongoni na kujifunga leso puani. Mchavushaji huvaa barakoa. Pua husafishwa kwa maji ya chumvi, nusu kijiko cha chai cha chumvi safi katika kikombe cha mililita 250 za maji yaliyochemshwa kisha yakapoa. Sharti la kuchemsha halina msamaha, iwe maji ni ya silanga, ya kisima au ya bomba, kwa kuwa amiba fulani wa maji vuguvugu, ambaye hana madhara akinywewa, huweza kupanda hadi ubongoni akiingizwa puani, kama ilivyowatokea watu wawili wa jimbo la Louisiana, Marekani, mwaka 2011, waliosafisha pua kwa maji ya bomba yasiyochemshwa. Mwenye mzio wa kweli hunufaika na vidonge kama seterizini, na zaidi na dawa ya kupulizia ya kotikosteroidi, yaani homoni ya kutuliza uvimbe, kama beklometasoni au flutikasoni. Dawa hiyo haifungui pua siku ya kwanza, na kwa sababu hiyo wengi huitupa wakidhani ni bandia, lakini ikitumiwa kila siku kwa wiki moja au mbili hushusha uvimbe bila kuleta uzibaji wa marejeo, hivyo ndiyo inayolingana na msimu mrefu wa Kiboko.

Aliyekwisha kunaswa hutoka kwa njia hiyohiyo. Huanza beklometasoni au flutikasoni kwa ushauri wa mhudumu, na baada ya siku chache huacha matone, ama kwa mara moja, ama kwa kuanza na tundu moja, akiendelea kuyatia katika tundu jingine ili apate pa kupumulia usiku, na lile la kwanza likishafunguka lenyewe humalizia la pili. Siku saba za mwanzo ni ngumu. Huinua kichwa kwa mito miwili, hupitisha maji ya chumvi kabla ya kulala, na watu wa nyumbani huambiwa mapema kwamba atakoroma na kukosa raha, ili asipelekewe kichupa kwa huruma. Kwa walio wengi pua huanza kujifungua katika wiki ya pili, na utandoute huendelea kupona kwa wiki kadhaa baadaye. Ambaye mwezi umepita na bado upande mmoja hausogei, huhitaji kutazamwa ndani kwa taa na afisa wa kliniki aliyesomea masikio, pua na koo, kwani huenda ukuta wa katikati umepinda, au mna vinyama laini vilivyoota, au kikunjo cha chini kimenenepa kiasi cha kuhitaji kupunguzwa kwa upasuaji mdogo, na mambo hayo yalikuwapo, au yalikuwa yakikua, muda wote ambao matone yalionekana kufanya kazi.